Kabla Fundi Hajafungua Mtungi

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Si kama petroli inayoungua injini ikinguruma, wala si kama gesi ya kupikia ambayo mtungi ukiwa mwepesi unajua chapati zimeila. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba: kompresa inaisukuma, inapita kwenye kisanduku cha nje ikitema joto, inarudi ndani ikiwa baridi, inanyonya joto la chumba, kisha inaanza mzunguko upya. Mabomba yakiwa mazima, gesi iliyotiwa siku ya kwanza inatosha umri wote wa mashine. Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imeisha, amekwambia jambo moja tu: pana tundu, na gesi imeshapaa. Ukimlipa aongeze bila kuziba, umenunua gesi nyingine ya kupeleka angani.

Msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapo; ushauri wangu mkubwa ameshaupata. Aliye na nafasi na aketi, kwa sababu katika mji wetu wa Nairobi jambo hili lina uzito ambao wengi hawajaupima.

Tembea hapa Westlands kutoka Sarit Centre hadi Mpaka Road, ukifika uinue macho. Usitazame majengo kwa mbele, kule kwenye vioo na majina ya kampuni. Tazama ubavuni na nyuma. Visanduku vyeupe vya viyoyozi vimepangana ukutani ghorofa kwa ghorofa, vingine vimeshikiliwa na vyuma vilivyoshika kutu, vingine mabomba yake yamefungwa kwa mpira uliochanika. Parklands ya nyumba za chini zenye bustani imegeuka minara na fleti, na karibu kila ofisi mpya inakuja na visanduku vyake. Jua la Januari hadi Machi likianza kuchoma, simu za mafundi hazitulii. Biashara kubwa ya msimu huo ni moja: kuongeza gesi.

Gesi zenyewe ni za kutengenezwa kiwandani. Hazipo katika maumbile. Zimeundwa kwa kaboni na florini, na nyingine zimetiwa klorini au haidrojeni, ndiyo maana majina yake ni namba badala ya maneno: R-22, R-134a, R-410A, R-404A, R-32. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine yako, pamoja na uzito wa gesi iliyomo. Kakisome kibandiko hicho leo na ukipige picha, tutakihitaji mbele.

Gesi hizi zikitoroka huipasha dunia joto, na zinavyofanya ni hivi. Ardhi hupokea joto la jua na kulirudisha angani kwa miale ambayo macho hayaioni. Mvuke wa maji na hewa ukaa hunasa sehemu ya miale hiyo, na ni bahati yetu, maana bila mtego huo tungeganda. Lakini ipo sehemu ya miale, yenye urefu wa mawimbi kati ya maikromita 8 na 12 hivi, ambayo mvuke na hewa ukaa haviinasi sana. Hapo joto hupenya likaenda zake. Sasa kile kifungo cha kaboni na florini hunasa miale hasa katika sehemu hiyo. Fikiria jiko la kuni lenye tundu moja tu la kutolea moshi: gunia dogo likitundikwa ukutani halimsumbui mpishi, lakini gunia lile lile likiziba tundu, atatoka mbio akikohoa. Ndiyo sababu gesi iliyo kidogo mno angani inaweza kuleta madhara makubwa kuliko wingi wake. Mwanasayansi Veerabhadran Ramanathan alilionyesha hilo tangu 1975.

Wataalamu huipima kila gesi kwa kuilinganisha na hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kilo moja ya hewa ukaa ni 1. Kilo ya R-134a, gesi ya magari mengi na friji nyingi za miaka iliyopita, ni 1,430. R-22 ni 1,810. R-410A, iliyojaa kwenye viyoyozi vya ofisi zetu, ni 2,088. R-404A ya vyumba baridi vya nyama na samaki ni 3,922. R-12 ya friji za enzi za wazazi wetu hufika 10,900. Hesabu hizi ni za ripoti ya mwaka 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ambazo ndizo zinazotumiwa katika mkataba wa kimataifa wa kuzipunguza.

Namba kubwa hulewesha, basi tuzishushe barabarani. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hubeba gesi ya kilo moja hivi. Kikiwa cha R-410A na gesi yote ikatoroka, ni sawa na kumwaga angani zaidi ya tani mbili za hewa ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo kisanduku kimoja kilichovuja ni kama lita 900 za petroli, yaani gari dogo linaloenda kilomita 10 kwa lita liende Mombasa na kurudi Nairobi mara tisa. Na mtungi wa kawaida wa R-22, ule unaofungwa nyuma ya pikipiki, una kilo 13.6. Ukimalizika kwa kuongeza mashine zinazovuja, umeondoka na tani 24 na ushei.

Kuna jambo la Kenya ambalo makala za ng'ambo hazitakwambia. Katika nchi zinazochoma makaa ya mawe ili kupata umeme, madhara makubwa ya kiyoyozi kwa tabianchi hutokana na stima inayokula. Hapa kwetu karibu asilimia 90 ya umeme hutokana na jotoardhi ya Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua. Stima yetu ina deni dogo. Kwa mashine inayovuja na kuongezwa kila mwaka, mzigo mkubwa uko kwenye gesi yenyewe. Ukiwa Nairobi na unataka kupunguza mchango wako katika ongezeko la joto, kuziba tundu la kiyoyozi kunaweza kukufikisha mbali kuliko kuzima taa za ukumbini. (Zima taa pia, bili inauma.)

Wengi huchanganya habari hii na ile ya ozoni, na si kosa lao, kwa kuwa zimezaliwa nyumba moja. Mwaka 1928 mkemia wa Marekani Thomas Midgley na wenzake walitengeneza gesi za aina hii kuchukua nafasi ya amonia na dioksidi ya salfa, ambazo friji zikivuja ziliua watu. Zilionekana za ajabu: haziungui, hazinuki, hazina sumu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza kwamba klorini iliyomo hupanda juu na kula tabaka la ozoni, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na aliyezisukuma serikali hadi zikakubaliana alikuwa Mmisri Mostafa Tolba, mkurugenzi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, akiwa na makao yake hapa Nairobi. Sekretarieti ya mkataba huo iko Gigiri hadi leo, ndani ya eneo bunge hili hili la Westlands. Majirani zetu wanasimamia gesi za dunia nzima, nasi tunazimwaga kutoka kwenye veranda.

Viwanda vilipoambiwa viache klorini, vikaja na gesi zisizokuwa nayo, kama R-134a na R-410A. Ozoni zikaiacha salama. Joto lakini zinalinasa vilevile. Ndipo mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zikakubaliana kuzipunguza hizi nazo, kwa makadirio kwamba hatua hiyo itaepusha hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto ifikapo mwisho wa karne. Kenya iliidhinisha makubaliano hayo mwaka 2023. Nchi zilizo katika kundi letu zilitakiwa kutozidisha matumizi kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. R-22 ina ratiba yake kali zaidi: tangu 2025 imepunguzwa kwa asilimia 67.5, na 2030 inaondoka, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabatia mashine zilizopo.

Kwa hiyo dukani ukiona kibandiko cha kijani kinachosema mashine haidhuru ozoni, usisisimke. Ni kweli, na haitoshi. Kibandiko hicho kinaweza kubandikwa kwa haki kabisa kwenye kiyoyozi cha R-410A.

Turudi kwa fundi, maana hapo ndipo penye kazi.

Kwanza, kiyoyozi kisicholeta baridi si lazima kiwe kimepungukiwa gesi. Westlands ni mtaa wa vumbi la ujenzi, na vichujio vya ndani huziba kwa wiki chache. Kisanduku cha nje kikifunikwa na vumbi hakiwezi kutema joto. Feni huchoka, kapasita hufa. Fundi anayefikia mtungi kabla hajafungua kifuniko cha kichujio anakuuzia alichokuja nacho. Vichujio unaweza kuvitoa na kuviosha mwenyewe kwa maji ya bomba kila mwezi, na usishangae baridi ikirudi.

Pili, akipima na kusema kweli gesi imepungua, muulize kwa adabu: "Fundi, imetokea wapi?" Utajibiwa mara nyingi, "Mkubwa, hii ni kawaida, kila mwaka lazima tuongeze kidogo." Mjibu kwamba hiyo si kawaida, na kwamba uko tayari kulipia kazi ya kutafuta tundu. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayobadilisha mambo. Tusiwaonee mafundi: wengi wanajua kabisa kazi inavyotakiwa kufanywa, lakini wateja wamewazoesha kulipa bei ya kuongeza tu. Kutafuta tundu kunachukua nusu siku na kunahitaji vifaa. Kuongeza gesi kunachukua dakika ishirini. Mteja anayebishana bei hadi ya mwisho, kisha akataka kazi ya daraja la kwanza, anajidanganya.

Tundu lenyewe huwa mahali panapojulikana. La kwanza kuangalia ni zile nati za shaba nyuma ya kisanduku cha nje, palipokazwa vibaya siku ya kufungwa au palipolegezwa na mtetemo. Povu la sabuni likipakwa hapo na kuanza kupuliza mapovu, mmepata. Halafu kuna vali za kupimia, ambazo vifuniko vyake vidogo hupotea kila fundi anapokuja. Kifuniko hicho si pambo, kinazuia uvujaji, na kikipotea nunua kingine. Kisha mabomba yanayosuguana na chuma, na mwisho koili ya ndani iliyoliwa na kutu. Doa la mafuta kwenye bomba ni ushahidi mzuri, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hubaki pale inapotorokea.

Tundu likipatikana, gesi iliyobaki haipulizwi hewani. Inavutwa kwa mashine maalumu na kuwekwa kwenye mtungi wa kukusanyia, ambapo inaweza kusafishwa na kutumika tena. Ndipo bomba linalehemiwa au nati inabadilishwa. Baada ya hapo mfumo unajazwa nitrojeni kavu kwa shinikizo na kuachwa kwa muda, kuona kama mshale wa geji unashuka. Hapa simama imara: kama fundi analeta mtungi wa oksijeni ya kulehemia kwa kazi hiyo, mzuie. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na kuna mafundi waliokufa hivyo. Mfumo ukishika, hewa na unyevu vinavutwa nje kwa pampu, kisha gesi mpya inatiwa kwa kupimwa kwenye mizani, uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko. Ndiyo sababu nilikuomba ukipige picha. Fundi anayejaza kwa kusikiliza kompresa na kushika bomba kwa kiganja anabahatisha, na gesi ikizidi inaumiza mashine kama ikipungua.

Utampataje fundi wa namna hiyo? Muulize kabla hajapanda ngazi: una mizani? Una pampu ya kuvuta hewa? Una mtungi wa kukusanyia? Muulize pia kama amefanya mtihani wa ufundi wa friji na viyoyozi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Cheti peke yake hakizibi tundu, ila aliyekipata ameonyeshwa namna. Na mwambie aandike kwenye risiti aina ya gesi na uzito alioongeza. Hakuna kitu kinachomfanya mtu awe makini kama kujua kwamba karatasi itasomwa mwakani.

Neno moja kuhusu mitungi ya bei ya kutupwa. Gesi bandia zipo duniani na si hadithi: mwaka 2011 watu watatu walikufa katika bandari za Vietnam na Brazil pale makontena ya baridi yalipolipuka, baada ya kutiwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili ikiuzwa kama R-134a. Hapa Kenya anayeingiza gesi hizi anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Duka lisiloweza kukuonyesha gesi ilikotoka halistahili pesa zako.

Friji ya nyumbani ina mambo yake. Gesi yake ni kidogo, gramu mia moja na kitu kama ni R-134a, na mfumo wake umelehemiwa wote, hauna nati za kulegea. Kwa kawaida hukaa miaka mingi bila shida, hadi siku mtu atakapochukua kisu kubandua barafu. Kisu kikitoboa ile karatasi ya alumini kwenye friza utasikia mlio wa kupuliza, na hapo umepoteza gesi na pengine friji yenyewe. Barafu inayeyushwa kwa kuzima friji na kuweka sufuria ya maji moto ndani. Waelekeze wote wanaofanya kazi jikoni mwako, na usisahau mgeni anayetaka kusaidia.

Friji nyingi mpya zinatumia R-600a, yaani isobutani, ambayo kipimo chake cha kupasha dunia joto ni 3 hivi tu. Hiyo ndiyo ya kununua. Inaungua, ni kweli, lakini kiasi kilichomo ni kidogo, makumi machache ya gramu, na friji imeundwa kwa ajili yake. Jambo la hatari ni kinyume chake: fundi kutia gesi ya kupikia kwenye friji au kiyoyozi ambacho hakikutengenezwa kwa gesi inayoungua. Kwenye kiyoyozi gesi ni nyingi, na swichi inayotoa cheche ndani ya kisanduku haikuwekewa kinga. Akikwambia inapoza vizuri na ni nafuu, kweli itapoza. Mkataze hata hivyo.

Kwa anayenunua kiyoyozi kipya, soma namba kabla ya kusoma bei. R-22 usiiguse, hata kama ni zawadi ya shemeji anayehama. Gesi yake inaondolewa sokoni na utabaki na sanduku ukutani. R-410A inafanya kazi vizuri, ila ratiba ya Kigali inaibana mwaka hadi mwaka. R-32 ni 675, theluthi ya R-410A, na mashine zake huhitaji gesi pungufu kidogo kwa baridi ile ile. Inaungua kwa shida, kwa hiyo fundi awe anaijua. R-290, ambayo ni propani, ni 3 hivi. Utaikuta zaidi kwenye friji za kisasa za soda madukani kuliko kwenye viyoyozi. Halafu tazama nyota za EPRA, mamlaka ya nishati. Viyoyozi na friji zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na kibandiko cha nyota kinachoonyesha ulaji wa stima. Mashine isiyo na kibandiko, inayouzwa chini ya bei za wenzake, jiulize imekataliwa wapi kabla ya kufika kwako.

Mwenye gari naye yumo. Magari mengi tunayoagiza Japani yana R-134a, nusu kilo hivi, na yamekuja yakiwa yameshatembea. Mpira wa kwenye mhimili wa kompresa hukauka, mawe ya barabarani hutoboa kondensa. Kanuni ni ile ile: kabla ya kujazwa, rangi ya kufuatilia itiwe na tundu lionekane kwa taa yake. Magari mapya zaidi yana R-1234yf, ambayo haipashi joto kiasi cha kutisha. Usikubali ibadilishwe kuwa R-134a kwa sababu ya bei. Na hata Julai, baridi ikiwa ya kuvalia koti, washa kiyoyozi dakika chache kila wiki ili mafuta yaufikie ule mpira usikauke. Ningesema teremsha dirisha upate hewa ya bure, lakini kwenye foleni ya Museum Hill, simu ikiwa mkononi na wanyakuzi wakiwa nje, nani atanisikiliza?

Wenye bucha, mikahawa na maduka makubwa ndio wenye mzigo mzito kuliko sote, na kwa bahati mbaya ndio wasioongelewa. Chumba baridi cha R-404A chenye kilo 20 kikivuja robo kwa mwaka, ni kilo 5, na kilo 5 ni karibu tani 20 za hewa ukaa. Hakuna kiyoyozi cha sebuleni kinachofikia hapo. Ninawaomba wafanye jambo dogo la kihasibu: daftari moja kando ya kompresa, tarehe, jina la fundi, kilo zilizoongezwa. Mwisho wa mwaka jumlisha na uzidishe kwa bei ya kilo. Mfanyabiashara hahitaji mahubiri ya tabianchi akishaona jumla ile. Mlango usioshika na mpira uliochanika vinaiongezea kompresa kazi, na kompresa inayotetemeka siku nzima ndiyo inayolegeza viungo.

Kuna uvujaji mwingine usiohesabiwa kamwe, ule wa kuhama na wa kuuza vyuma chakavu. Fundi wa haraka huchukua spana, akalegeza nati, na fyuu, kilo nzima imekwenda ndani ya dakika moja. Kiyoyozi kinachofanya kazi kinaweza kuhamishwa na gesi yake yote: fundi anafunga vali ya bomba jembamba mashine ikiwa inaendelea, gesi yote inavutwa hadi kisanduku cha nje, kisha anafunga vali ya bomba nene na kuzima. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji kifaa cha ajabu. Mwambie aifanye mbele yako. Na kabla hujamuuzia wa vyuma chakavu friji au kiyoyozi kilichokufa, gesi itolewe kwanza na fundi mwenye mtungi wa kukusanyia, kwa sababu yeye wa chakavu anataka shaba, na ataikata kwa msumeno.

Halafu tuulizane bila kuoneana aibu: hivi Nairobi tunahitaji viyoyozi vingapi? Huu si Mombasa wala Garissa. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana wa Februari ni nadra kuvuka nyuzi 30, na usiku tunajifunika blanketi. Joto linalotusumbua Westlands tumelijenga wenyewe, kwa kuta za vioo zinazotazama jua la magharibi na madirisha yasiyofunguka. Gigiri kuna jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa mwaka 2011 ambalo ofisi zake hupoa kwa hewa inayoingia madirishani na kupanda kwenye ukumbi wa katikati. Harare kuna jengo la Eastgate, la mwaka 1996, lililosanifiwa na Mick Pearce kwa mtindo huo huo wa kuvuta hewa baridi ya usiku. Kwa hiyo unapotafuta ofisi ya kupanga, fungua dirisha kwanza. Kama halifunguki, uliza kwa nini, na uingize jibu hilo kwenye bei. Chumba kisichotazama jua la magharibi, pazia la kuzuia jua nje ya kioo badala ya ndani, feni ya darini, vyote hivi havina gesi ya kuvuja.

Wapangaji huniambia, "Mashine si yangu, ni ya mwenye nyumba." Na mwenye nyumba husema anayeitumia ndiye mwenye kuikarabati. Katikati ya hao wawili gesi inavuja miaka mitano. Lisuluhishe kabla ya kutia saini: mkataba useme nani anaita fundi, nani anaziba tundu, na kwamba hakuna kuongeza gesi bila kuziba. Aya moja inatosha. Na kama unakaa kwenye kamati ya wenye fleti, au unasimamia jengo la ofisi, una nguvu kuliko mpangaji yeyote mmoja mmoja, kwa sababu mkataba wa ukarabati wa viyoyozi vyote unapita mikononi mwako. Usimlipe mkandarasi kwa idadi ya mitungi aliyomaliza. Mlipe kwa mashine zilizokaa mwaka mzima bila kuongezwa, na mtake alete daftari la kilo kwenye kila mkutano.